Mshono uliorudi mgongoni mwa Dakota

Swali limetoka kwa kijana wa Chumbageni, hapa hapa Tanga. Nimelifupisha kidogo:

“Shikamoo mzee. Mjomba aliniletea boksi la ndege ndogo ya plastiki ya kuunga, Dakota ya kipimo cha 1/72. Nataka kuipa sura ya East African Airways, lile shirika la ndege la zamani, kwa sababu babu alikuwa akizisimulia sana. Nimegandisha pande mbili za bodi, nikajaza mshono wa mgongoni kwa puti ya magari, ile ya tyubu. Nikapiga msasa mpaka kidole hakisikii kitu, na kesho yake nikapuliza rangi ya fedha ya kopo. Ilitoka kama kioo. Siku ya nne mstari umerudi, kuanzia nyuma ya kichwa cha rubani hadi mkiani, na pembeni yake pamekuwa bapa. Vishimo vya ribiti (misumari ya kuungia bati) vya pale vyote vimefutika. Nimekosea wapi? Nitupe nianze upya?”

Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu. Nimepiga rangi magari pale Ngamiani zaidi ya miaka thelathini, na ndege hizi za plastiki nimekuwa nikiziunga usiku baada ya kufunga gereji. Kosa lako nimelifanya kwenye milango ya magari ya watu waliokwisha kulipa, kwa hiyo anayekujibu ni mtu aliyeaibika kabla yako.

Kwanza tupime ukubwa wa tatizo. Dakota halisi ina mabawa ya mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Yako ina kama sentimita 40. Kila milimita juu ya meza yako ni milimita 72 kwenye ndege ya kweli. Mfereji wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao ukiutazama kwa mbele huuoni, kwenye Dakota ya kweli ungekuwa na upana wa milimita saba. Penseli ingelala humo. Ndiyo maana jicho la mtazamaji linakamatwa na mstari huo hata kama hajui ndege ni nini. Na wewe umechagua rangi ya fedha, ambayo haina huruma kuliko zote. Ina vipande vidogo sana vya alumini vinavyolala juu ya uso na kurudisha mwanga, na palipobonyea mwanga unarudi kwa pembe nyingine. Ungeipaka kijani ya jeshi isiyong'aa, pengine usingeniandikia.

Sasa kwa nini umerudi. Gundi ya ndege hizi haifanyi kazi kama gundi ya mbao. Plastiki yake ni polistirini, na gundi ni maji makali yanayoiyeyusha. Kingo mbili zinalainika, zinaingiana, kisha yale maji yanaruka hewani na plastiki inakuwa kipande kimoja. Ni kuchomelea bila moto. Lakini maji hayo hayaruki yote kwa saa moja. Mengine yamejificha ndani ya plastiki, na yakiwa humo sehemu ya mshono inakuwa imevimba kidogo, huwezi kuona. Wewe ukaja na msasa ukausawazisha uvimbe. Siku zilizofuata uvimbe ukanywea, na palipokuwa sawa pakawa shimo.

Juu ya hapo ukaweka puti ya tyubu. Puti ile haina dawa ya kuchanganya, inakauka kwa kupoteza tina yake tu, yale maji makali yanayoilainisha. Tina ikiondoka nafasi yake haijazwi na kitu, puti inajikunja. Tena inaanza kukauka juu, inafanya ngozi kama maziwa yaliyopoa, na chini bado ni bichi. Ukipiga msasa kesho yake unasawazisha ngozi. Halafu tina hiyo hiyo ya puti imelainisha plastiki ya chini kwa mara ya pili. Na rangi ya kopo nayo ina tina yake, ambayo imeshuka ikaiamsha puti. Kwa hiyo chini ya ile rangi uliyoiona kama kioo palikuwa na vitu vitatu ambavyo bado vinakauka, kila kimoja kwa mwendo wake. Siku nne zimetosha kuvifichua.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Sahare, na kazi aliyonipa nikiwa mdogo ilikuwa kumsokotea pamba ya kalafati. Pamba inachovywa mafuta, inagongewa kati ya ubao na ubao, na chombo kikishushwa majini mbao zinavimba zinaibana. Kwake mshono uliobaki wazi kidogo halikuwa jambo la kupoteza usingizi, bahari ingemalizia. Nadhani wengi wetu wa pwani tunakuja kwenye plastiki na akili hiyo ya kwamba ufa ni nafasi ya kushindiliwa kitu. Plastiki haina bahari ya kuisaidia. Kila unachokitia humo kinanywea, tofauti ni kiasi gani na kwa muda gani. Ndiyo maana mimi ninahesabu kwamba mshono unafungwa siku ya gundi. Puti ni kiraka cha pale gundi iliposhindwa.

Kwa hiyo nikueleze siku ya gundi, kwa sababu bado una mabawa hujayaunga, kama nilivyokuelewa, na huko unaweza kuanza vizuri.

Kabla ya gundi yoyote, shika pande mbili ukavu ukavu, uzifunge kwa tepu ya karatasi, uzitazame dhidi ya dirisha. (Gereji kwetu tepu ile tuliiita maskini tepu, na hakuna aliyewahi kuuliza umaskini wake umetoka wapi.) Penye mwanga unaopita pana kitu kinazuia: mara nyingi ni kibaki cha plastiki pale kipande kilipokatwa kutoka kwenye fremu, au pini ya kuelekezea iliyo nene kuliko tundu lake. Pini isiyokubali, ikate. Kazi yake ni kusaidia, na ikiwa inasukuma upande mmoja juu zaidi ya mwingine, inakutengenezea ngazi ambayo utailipia kwa msasa baadaye. Kisha tandaza msasa namba 400 juu ya kioo au kigae, ulaze nusu ya bodi kifudifudi, uisugue kwa mizunguko mitano sita bila kuikandamiza. Kingo zitakuwa bapa na zitagusana urefu wote. Usizidishe, bodi isije ikawa nyembamba.

Gundi ninayoipenda ni ile nyepesi kama maji, kwa mfano Tamiya Extra Thin, chupa yenye kifuniko cha kijani na kiburashi ndani. Huipaki kabla ya kufumbata. Unafumbata kwanza, unagusa ufa kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe humo ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Nenda kwa vipande vya sentimita tatu nne. Gusa, subiri uhesabu hadi ishirini, halafu kandamiza kwa vidole viwili. Utaona kitu kinachofurahisha roho: uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka unajitokeza juu ya mshono, unang'aa. Usiuguse, usiufute. Uzi huo ndio puti bora kuliko zote utakazonunua, kwa sababu ni plastiki ile ile, ugumu ule ule, itasuguliwa sawasawa na jirani zake. Bana kwa vibanio vya nguo au mipira ya kufungia noti, ukiangalia kidole chako kisilale juu ya mshono. Gundi itapita chini yake na itakuachia alama ya kidole ambayo hata polisi wataitambua.

Halafu iache. Saa 24 ndizo za chini kabisa kabla ya msasa. Kama uzi wa plastiki umetoka mnene, siku tatu. Kwa ndege ya rangi ya fedha mimi ninaiweka juu ya kabati wiki nzima na kuendelea na vitu vingine, viti vya rubani, magurudumu, injini. Kipimo changu ni pua: nusa mshono kwa karibu. Ukisikia harufu ya gundi, haijakauka, hata kama kalenda inasema imekauka. Na usiianike juani kuiharakisha, wala usiiweke kwenye dashibodi ya gari. Polistirini inalegea kabisa inapokaribia nyuzi joto 100, lakini bawa jembamba lililobanwa halisubiri kufika huko ndipo lipinde.

Ikikauka, kwangua kabla ya kusugua. Shika wembe wima, usimame juu ya mshono, uuvute kuelekea kwako bila kukata. Unatoa nyuzi nyembamba kama za nazi iliyokunwa. Mara nyingi baada ya kukwangua hivyo kazi ya msasa iliyobaki ni ya dakika tano.

Hapa ndipo tufike kwenye lile bapa lako, maana ninaamini najua ulivyolipata. Ulikunja msasa, ukauweka chini ya kidole au kipande cha mbao, ukasugua mbele na nyuma kufuata mstari. Bodi ya Dakota ni ya mviringo. Kitu kigumu kikipita juu ya mviringo kinagusa kilele tu, na kilele kinaondoka. Chukua kandambili iliyokatika, ukate ukanda wa soli wa upana wa vidole viwili, ubandike msasa wa maji juu yake. Soli ile inapinda kufuata mgongo wa ndege lakini haizami kwenye mfereji kama nyama ya kidole. Au kata msasa ukanda mrefu, ushike ncha mbili, uvute huku na huku juu ya bodi kama mtu anayeng'arisha kiatu. Ukivuta hivyo unakatisha mshono, huufuati, na mviringo unabaki mviringo. Tumia maji, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ndani yake. Msasa hauzibi, vumbi haliruki ukalivuta kifuani. Anza na 400 penye kazi kubwa, 600, 800, na kwa fedha nenda mpaka 1500. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 400 hadi 1500 utasugua mpaka adhana ya alfajiri na mikwaruzo ya 400 itakuwa bado ipo.

Na kidole chako kilikudanganya. Ncha ya kidole ni laini, inajaza shimo dogo bila kukuambia. Tumia ukucha, ukatishe mshono polepole. Ukikwama hata kidogo, bado. Kisha zima taa ya juu, weka tochi ya simu pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya bodi. Gereji tulikuwa na ujanja mwingine: kabla ya msasa wa mwisho tunapuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi. Ukisugua, palipobaki peusi ndipo palipobonyea. Kwenye ndege paka risasi ya penseli laini. Usitumie maka peni, wino wake unapenya praima (ile rangi ya kwanza ya chini) na rangi na utauona tena juu baada ya mwezi.

Sasa kujaza, kwa palipohitaji kujazwa. Nitakuambia ninachofanya mimi, ingawa kuna mafundi wazuri wasiokubaliana nami. Kwa mshono wa mgongoni ninatumia supa gluu na poda ya mtoto. Weka tone la supa gluu juu ya kipande cha plastiki, ongeza poda kiasi kama hicho, koroga kwa kijiti cha meno mpaka iwe kama uji mzito wa ulezi. Ipake kwa kijiti hicho hicho juu ya mshono, ipande kidogo kuliko uso. Supa gluu haikauki kwa kupoteza kitu hewani, inaganda kwa kukutana na unyevu, na unyevu hapa Tanga hatuununui. Kwa kuwa hakuna kinachoruka, hainywei kwa namna ya kuonekana. Poda inaifanya isuguliwe kwa urahisi na isiwe kioo. Lakini ina sharti moja ambalo ukilivunja utajuta: ipige msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha ilale, asubuhi itakuwa ngumu kuliko plastiki, msasa utakula plastiki pande mbili na kuiacha yenyewe imesimama katikati kama tuta la barabarani. Hapo utakuwa umebadilisha mfereji kwa kilima.

Soma kopo la poda. Ya talki ndiyo ninayoitaka. Siku hizi nyingine ni wanga wa mahindi. Magadi ya kupikia usiyachanganye, yanaigandisha papo hapo ikawa jiwe, nzuri kwa kuunga ndoo iliyopasuka, mbaya kwa ndege. Wala usiifute supa gluu mbichi kwa pamba. Pamba na supa gluu zikikutana zinapandisha joto ghafla, moshi unatoka na vidole vinaungua. Mimi, msokota pamba wa zamani, nililijua hilo kwa njia ngumu, na kovu ninalo.

Ukikosa poda, kuna njia ya bure. Zile fremu tupu zilizobaki baada ya kukata vipande usizitupe. Zikatekate kama kitunguu, uzitie kwenye kichupa chenye gundi nyepesi kidogo, uziache usiku mmoja. Utapata uji wa plastiki yenyewe. Unajaza vizuri sana na unasuguliwa sawa na bodi, ila nao unanywea kwa sababu una maji ya gundi ndani, kwa hiyo upe wiki yake na utegemee kurudia mara mbili.

Zile za dukani ni kwa mahali pake. Mr. Surfacer ni puti ya maji maji ya chupa, namba 500 nzito, 1000 nyepesi, na ni nzuri kwa mikwaruzo na nyufa za unywele, si kwa mfereji. Puti ya magari ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, hainywei sana kama ya tyubu, lakini kingo zake ukizisugua ziwe nyembamba zinamong'onyoka, na juu ya plastiki haishiki kama inavyoshika bati lililokwaruzwa. Ninaitumia kwenye ndege kubwa penye shimo, si kwenye mshono. Milliput, ya kukanda vipande viwili, ni ya mashimo makubwa kabisa.

Tina peke yake usiisogeze. Ndege yangu ya kwanza, kabla sijajua haya, niliona puti imeganda juu ya bawa, nikachukua kitambaa chenye tina ya gereji nikaifuta kama tulivyokuwa tukifuta puti juu ya bonati. Bawa lililainika kama mshumaa. Alama ya vitambaa iliingia ndani, uzi kwa uzi, na kitambaa kikabaki kimeshika. Nilichelewa hata kukasirika, nilikuwa nashangaa tu.

Kuna mshono mmoja wa Dakota ambao hautaki msasa kabisa: pale bawa linapokutana na bodi, ile sehemu iliyopinda kama bakuli. Huko huwezi kufika na ukanda wala kandambili, na ukijaribu utafuta ribiti za pande zote. Tumia puti ya akriliki, ile nyeupe inayofutika kwa maji. Ipitishe kwenye ufa kwa kijiti, subiri dakika moja mbili, halafu chukua kijiti cha masikio kilicholowa maji, uvute mara moja kwa kunyooka. Kinachozidi kinafutika, kilicho ndani ya ufa kinabaki, na hakuna msasa. Ikinywea, rudia kesho. Wakati wa masika inachukua muda mrefu zaidi kukauka, usiifukuze.

Mengine hupaswi kuyajaza hata kidogo, na hili naliona kosa la watu wenye bidii kama wewe. Ndege ya kweli nayo imeungwa. Mabawa ya nje ya Dakota yamefungwa kwa boliti kwenye kipande cha kati, nje kidogo ya injini, na kiungo hicho kinaonekana kama mkanda unaozunguka bawa. Ukikiona kwenye plastiki yako usikitie puti. Mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto una mistari yake. Usukani wa mkiani na vile vibawa vinavyochezacheza vimetenganishwa na mwili kwa nafasi halisi, na kwenye ndege hii vimevikwa kitambaa, si bati, kwa hiyo hata sura yake ni tofauti. Mstari mmoja ulionyooka kama uzi kutoka kichwani hadi mkiani ndio wa kiwanda cha plastiki, huo uue. Na ukingo wa mbele wa mabawa usiusahau: nusu ya juu na ya chini zinakutana pale, watu wengi wanashughulikia mgongo wakauacha ukingo huo, nao ndio unaotazamana na mtu ndege ikiwa rafuni.

Basi Dakota yako tuifanye hivi. Kwanza isiguswe wiki nzima. Kila kitu chini ya rangi kimalize kunywea, kwa sababu ukianza leo utarudia kosa lile lile. Kisha kwangua rangi kwenye ukanda wa upana wa kidole juu ya mshono, kwa msasa 600 na maji, mpaka uione puti. Usijaribu kuitoa kwa tina, umeshasikia habari ya bawa langu. Puti yote ya tyubu itoe. Shika sindano nene, uivute kufuata mstari mpaka upate mfereji safi wenye umbo la V. Utaona uchungu, ni kama kufungua kidonda kilichofunga, lakini kilifunga na uchafu ndani. Ukiona mwanga unapita au pande mbili zinachezacheza ukizibana, pitisha gundi nyepesi humo, bana, subiri siku tatu nyingine. Zisipocheza, moja kwa moja supa gluu na poda.

Lile bapa litakuhitaji uipake pana zaidi, milimita sita saba kila upande wa mshono, kwa sababu huwezi kurudisha mviringo kwa kuondoa, utaurudisha kwa kuongeza. Pakia kipande cha sentimita tano, kisugue ndani ya saa, nenda kingine. Ukipaka urefu wote kwa mara moja, ufikapo mkiani kichwani kumeshakuwa jiwe.

Ribiti na mistari iliyofutika ichore upya kabla ya praima, supa gluu ingali changa. Bana sindano ya cherehani kwenye kalamu ya penseli ya kubonyeza, ile ya risasi nyembamba, au uichomeke kwenye kijiti. Zungusha kipande cha tepu ngumu juu ya bodi, kiunganishe mstari ulio salama kushoto na ulio salama kulia, halafu uvute sindano pembeni mwa tepu kwa uzito wake yenyewe. Mara ya kwanza usione kitu. Mara ya sita utaona mstari. Anayekandamiza mara ya kwanza sindano inamtoroka, na atakuwa amepata mshono mpya wa kujaza. Vishimo vya ribiti vichome kimoja kimoja, ukipima nafasi kwa kuangalia vya jirani. Mwanangu, vitakuwa vingi. Weka redio.

Praima iwe ya kijivu, mpulizo mwepesi kama umande, mara tatu, dakika kumi na tano kati ya mmoja na mwingine. Ukiloweka kwa mara moja, tina yake itakwenda kuamsha mshono tena. Usipulize mvua inanyesha: tina ikiruka inapoza uso, unyevu unatua juu, na rangi inapata ukungu mweupe. Pulizia nje au dirishani, mbali na jiko la mkaa, na kioo cha rubani kiwe kimefunikwa. Kioo hicho kikija kubandikwa kitie gundi nyeupe ya karatasi, kwa sababu mvuke wa supa gluu utakifanya kama kina mtoto wa jicho.

East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 na ikafa 1977, kwa hiyo sura zake zilibadilika. Kabla ya kununua alama, muulize babu, kama yupo, alizoziona zilikuwa na nini mkiani, au tafuta picha ya mwaka mmoja uishike hiyo. Fedha ipulizwe siku tatu baada ya praima, si kabla, na kabla hujaipuliza nitumie picha ya mgongo. Zima taa ya juu, tochi ikae upande wa mkia, chini, karibu na meza. Picha ya kutoka juu usinitumie, hiyo hata yangu ya kitambaa ilionekana nzuri.